Kidonge Nilichokipima kwa Mizani ya Kazini

Kama leo umetoka kliniki na karatasi imeandikwa una sukari, soma hii polepole, na kama unakula, endelea kula. Sitakueleza sukari ni nini. Hilo utaambiwa na kila mtu, kuanzia daktari hadi jirani, na kila mmoja atakuwa na majani anayoyajua ya kuchemsha. Mimi nataka kukueleza upuuzi niliofanya mwaka wangu wa kwanza wa ugonjwa huu. Ni upuuzi ambao mtu asiyefanya kazi yangu asingeweza kuufanya hata akijaribu, na aliyeumizwa nao zaidi si mimi.

Ninaitwa Kariuki. Nina miaka arobaini na saba, nyumbani ni Gatongora, Ruiru, na ni fundi wa maabara katika taasisi moja ya utafiti hapa Thika. Kazi yangu ni kutengeneza kemikali ambazo huwezi kuzipata dukani, tena kidogo kidogo, kiasi cha kujaza kijiko. Mwaka huo tulipewa kazi ya metformini. Ndiyo, dawa ile ile ya sukari inayomezwa na kila mtu, lakini hii yetu haikuwa ya kumeza. Tulitakiwa kutengeneza metformini nzito.

Nitaeleza mara moja tu, halafu tuachane na hesabu. Ndani ya metformini kuna hidrojeni sita zilizokaa pembeni, zisizobanduka kirahisi. Ukiitengeneza kwa malighafi yenye hidrojeni nzito mahali pa hizo sita, unapata dawa ile ile, inayeyuka vile vile, inapita kila mahali vile vile, ila ina uzito zaidi kidogo. Ukitia kiasi unachokijua cha dawa nzito kwenye damu ya mgonjwa, mashine inaziona zote mbili, nyepesi aliyoimeza mgonjwa na nzito uliyoitia wewe. Inazilinganisha, na hapo unajua bila kubahatisha mgonjwa ana dawa kiasi gani mwilini. Dawa nzito ni sawa na jiwe la mizani la mama wa sokoni. Jiwe likiwa na kasoro, kila mteja amepunjwa. Mashine husoma nyepesi kwenye namba mia moja na thelathini, na nzito kwenye mia moja thelathini na sita. Dawa yetu nzito haikutakiwa kuwa na hata alama ya ile nyepesi.

Kule Ruiru kliniki moja ilikuwa imeshaandikisha wagonjwa ambao sukari yao ilikataa kushuka hata wakimeza dawa. Watafiti walitaka kujua kama dawa inafika kwenye damu yao au haifiki. Wagonjwa walikuwa wanangoja kliniki, kliniki ilikuwa inatungoja sisi.

Sasa mwili wangu. Kabla ya mvua ndefu nilianza kuwa na kiu ambayo sijawahi kuiona. Nilikuwa namaliza chupa kubwa ya maji kabla ya chai ya saa nne, na bado ulimi umekauka. Suruali zikaanza kuteleza kiunoni. Nikitazama mstari kwenye kipimo cha kioo, mstari unakuwa miwili. Nilisingizia miwani. Mke wangu, ambaye sote tunamwita Mama Njeri, hakusingizia chochote.

"Baba Njeri, wewe unaenda choo kama mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa," aliniambia. "Kesho hauendi kazi. Tunaenda kliniki."

Tukaenda ile ya Ruiru, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Unapewa kadi yenye namba, unakaa kwenye benchi, benchi likisogea unasogea nalo, makalio yakifa ganzi unasimama na kiti kinachukuliwa. Tulikaa hapo kuanzia asubuhi hadi saa saba. Muuguzi akanidunga kidole, na kile kimashine kidogo, badala ya kuandika namba, kikaandika HI. Nilidhani kinanisalimia. Muuguzi hakucheka. Alisema maana yake sukari imepita pale ambapo mashine inaweza kuhesabu.

Nilipewa metformini. Nitakuambia ukweli, nilikasirika. Si kwa sababu ya ugonjwa, maana baba yangu alikuwa nao na nilijua uko kwenye damu yetu. Nilikasirika kwa sababu kwa wiki nzima nilikuwa nimeandika jina la dawa hiyo kwenye daftari la maabara, nikijiona mtu mkubwa anayewasaidia wagonjwa, na sasa nimepewa ile ile kwenye bahasha ya kaki na kuambiwa nimeze na chakula. Daktari wa zamu aliniambia nianze na nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, kwa sababu tumbo litasumbua. Halikusumbua, lilinidhalilisha. Kuna asubuhi nilishuka gari kabla ya Thika nikaomba choo kwa watu nisiowajua.

Nikamwambia Mama Njeri asimwambie mtu. Si kanisani, si kwa dada zake, na hasa kusiwe na neno litakalofika kazini. Mwenzetu mmoja miaka ya nyuma alisema ana kifafa, na wiki hiyo hiyo akahamishiwa stoo kuhesabu chupa. Hakurudi kwenye meza ya kazi hadi alipostaafu. Mimi nilijiambia sitahesabu chupa za mtu.

Hapo ndipo nilipofanya ule upuuzi. Vile vidonge ni vikubwa na vigumu. Nyumbani nilijaribu kukikata kwa kisu cha jikoni, nusu moja ikatoka kubwa na nyingine ikawa unga. Mtu wa kawaida angemeza hivyo hivyo akaendelea na maisha. Lakini mimi nimepima vitu kwa miligramu miaka ishirini, na siwezi kumeza nusu ambayo si nusu. Ilinikera kuliko ugonjwa wenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa naondoka nyumbani alfajiri bila kula, dawa ya asubuhi nilikuwa naimeza kazini saa nne, na chai na ngwaci, yaani kiazi kitamu cha kuchemsha. Kwa hiyo wenzangu wakitoka kwenda chai, mimi naingia chumba cha mizani, ndicho chenye mlango wa kufungwa. Naweka kidonge kwenye karatasi ya kupimia, nakikata kwa wembe wa maabara, napima nusu hii, napima nusu ile, nakwangua kidogo hadi zilingane. Nusu nameza, nusu naifunga kwenye karatasi ya jioni. Kisha napangusa mizani kwa spiriti na kutoka. Nilikuwa najivunia. Nilifikiri hakuna mgonjwa wa sukari Kiambu nzima anayemeza nusu sahihi kama zangu.

Wewe umeshaona tatizo. Mimi, fundi wa miaka ishirini, sikuliona.

Tulikuwa wawili kwenye kazi hiyo, mimi na Nekesa. Nekesa ametoka Bungoma, ana watoto wawili, anakaa Mwihoko, na alikuwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa natengeneza ile nzito. Yeye alikuwa anatayarisha metformini ya kawaida ya kulinganishia, na ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine. Mashine yenyewe tuliipa jina Shosho, yaani bibi, kwa sababu haikosi kuona kitu na haiamki asubuhi bila kulalamika. Ukimwagia Shosho tone moja la kitu kwenye tangi la maji, atakuambia kimo ndani.

Mwezi wa tano nilimaliza fungu la kwanza. Malighafi nzito ilikuwa imekuja kutoka ng'ambo kwenye chupa ndogo kuliko kidole gumba, tuliingoja wiki nyingi. Nikaichemsha na kemikali mwenzake kama inavyotakiwa, nikaipoza, chembe nyeupe zikajitenga vizuri, nikazichuja, nikaziosha kwa alkoholi baridi, nikazikausha. Nekesa akapeleka kwa Shosho.

"Kariuki, kuja uone," akaniita. "One-thirty iko hapa."

"Ni kidogo."

"Kidogo ni ngapi? Si inafaa kuwa sufuri?"

Tukalaumu malighafi. Tukaagiza chupa nyingine, tukangoja tena. Huko nje mvua ikaisha, ile baridi ya Juni ikaingia, ile ya ukungu inayofanya mtu wa Thika avae kofia ya sufu ndani ya nyumba. Kliniki wakaniongeza dawa, kidonge na nusu kwa siku, kwa hiyo nikaendelea kukata. Vidole vya miguu vikaanza kuchomachoma nikilala. Fungu la pili likatoka zuri, jeupe kuliko la kwanza. Shosho akaonyesha mia moja na thelathini.

Mkuu wetu ni Profesa Muthoni, mwanamke asiyepaza sauti, na hilo ndilo linalotisha. Aliagiza tumpe Shosho maji matupu, maji yaliyopimwa na kutayarishwa kwenye chumba chetu cha mizani, bila dawa yoyote. Maji matupu nayo yakawa na metformini nyepesi.

"Basi si malighafi," Prof akasema. "Uchafu uko kwetu. Nani anashika metformini ya kawaida hapa ndani?"

Watu wote waligeuka kumtazama Nekesa. Mimi pia niligeuka. Nilikuwa na karatasi yenye nusu kidonge mfukoni mwa koti, na niligeuka nikamtazama. Wakati huo sikuwa nimeunganisha mambo, nakuapia, lakini nikikumbuka shingo yangu ilivyozunguka naona aibu.

Kuanzia siku hiyo Nekesa akawa mtu wa kuosha. Alihamisha kazi ya dawa ya kawaida chumba kingine kabisa. Kila jioni aliosha chumba chote cha mizani, meza, mizani, vijiko, vitasa vya milango. Aliosha vyombo kwa asidi, kisha maji ya moto, kisha alkoholi. Mikono yake ikapasuka kwenye viungo kwa baridi ya Julai. Jioni alikiacha chumba kikiwa safi kama altare, na kesho yake saa nne mimi naingia na wembe wangu.

"Mimi sielewi," alikuwa anasema. "Nimeosha, Kariuki. Uliniona nikiosha."

"Nilikuona," namjibu. Na nilikuwa nimemwona.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Mama Njeri aliacha kuweka sukari kwenye chai ya watu wote, pamoja na wageni, kwa hiyo watu wakaacha kutaka chai yetu. Tuligombana juu ya chapati moja hadi binti yetu Njeri, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo, akaichukua akaila yeye ndio tunyamaze. Lakini kilichomuumiza mke wangu zaidi ni kunyamaza. Kwenye ushirika wa akina mama kila mmoja anataja shida yake ili iombewe, na yeye alikuwa anakaa pale akisema kwetu ni wazima.

"Nimechoka kudanganya watu nikiwa nimefumba macho," aliniambia. "Wewe unaona haya ya nini? Umeiba?"

Nikamwambia aniache. Nilikuwa mkali sana miezi hiyo. Ukiwa na sukari isiyotulia unakuwa mkali kwa kitu kidogo, na nilitumia hilo kama ruhusa.

Mwezi wa nane Nekesa akapewa barua. Ilisema kwa lugha nzuri kwamba uzembe wake umechelewesha mradi, na kwamba mkataba wake ukiisha mwisho wa Septemba hautaendelea isipokuwa mambo yabadilike. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaendelea kuosha.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa na kliniki. Nilikuwa nikiomba ruhusa nikisema naenda kushughulikia mambo ya shamba. Ijumaa nikarudi kazini, na kabla sijavaa koti Nekesa akanijia akikimbia.

"Jana ilikuwa safi! Haki ya Mungu, Kariuki, jana yote! Maji ya asubuhi, ya mchana, sufuri tupu!"

"Umefanya nini tofauti?"

"Hakuna. Nimeosha tu venye mimi huosha."

Tukafurahi pamoja. Saa nne nikaenda kukata dawa yangu. Saa nane mchana akapima tena, na mia moja na thelathini ilikuwa imerudi. Nekesa aliketi kwenye kiti cha Shosho akafunika uso kwa mikono iliyopasuka.

Nilichukua daftari kwa nia ya kumsaidia. Nilianza kutafuta siku zote zilizokuwa safi tangu alipoanza kuosha. Zilikuwa tatu tu, na mbili za kwanza tulikuwa tumeziona bahati. Zote Alhamisi. Nikajua, lakini nikataka kuhakikisha, kama mtu anayebonyeza jino bovu. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikatoa kadi yangu ya kliniki. Tarehe zilikuwa zile zile tatu.

Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo mke wangu akilitaja natoka nje. Niliamua kunyamaza. Nilijiambia, nitaacha kukatia dawa hapa, nitasafisha chumba mimi mwenyewe, uchafu utaisha, Nekesa ataonekana amefaulu, na hakuna atakayejua kitu. Niliona nimepata njia ambayo haimuumizi mtu. Nikatupa koti langu, nikachukua jipya. Nikafungua boksi jipya la glavu. Nikaosha mizani mara tatu. Nikaanza kumeza dawa nyumbani na kipande cha mkate, nusu yenye kukatika vibaya, nusu ya unga.

Wiki iliyofuata ikawa safi. Na nyingine. Nikaanza kulala.

Kisha Prof akatuita. Alitazama karatasi za Shosho, akatikisa kichwa.

"Unaona, Nekesa?" akasema, si kwa ukali. "Kumbe ulikuwa unaweza. Ni barua tu ilikuwa inahitajika."

Kumbe kusafisha kwangu ndiko kulikokuwa kumemfunga. Miezi mitatu uchafu, barua, kisha usafi. Nani angefikiri vingine? Prof akasema fungu la tatu nitalifanya mimi peke yangu, mwanzo hadi mwisho, na kwamba kuhusu mkataba uamuzi umeshafanywa. Nekesa hakujitetea. Alisema "sawa, Prof" na kutoka.

Hata hapo sikusema. Natamani ningekuambia nilisema.

Nilirudi kliniki mapema, si kwa miadi, bali kwa sababu miguu ilikuwa inawaka na sukari imepanda tena. Kwenye benchi nilikaa na Mama Kevo, muuza viatu vya mitumba ambaye tulikuwa tumezoeana. Alikuwa akinigawia njugu karanga na kunishikia nafasi nikienda choo. Yeye alikuwa kwenye orodha ya wale wa utafiti. Alikuwa anameza dawa bila kukosa mwaka wa pili na sukari haishuki, na kila mara anaambiwa hamezi, anadanganya.

"Baba Njeri, hii utafiti haianzi leo wala kesho," akaniambia. "Nimeuliza. Wanasema huko Thika kuna mama fulani mchafu kwa maabara, ndio ameharibu dawa yao ya kupimia. Lakini wamempata. Wanamfuta."

Niliinamia kadi yangu ya namba.

"Afadhali," akaendelea. "Mtu kama huyo hajui sisi tunakaa hapa tukiitwa waongo. Mungu amwonyeshe."

Alikuwa akiongea na njugu mkononi, amenielekezea nichukue. Sikuweza kuchukua. Niliamka nikatoka na namba yangu mkononi kabla ya kuitwa, nikaenda nyumbani kwa mguu unaowaka, nikamweleza mke wangu kila kitu, kuanzia wembe hadi barua. Alinisikiliza akikuna nazi, hakuacha kukuna.

"Huyo Nekesa ana watoto?"

"Wawili."

"Ngai." Akaweka kibao cha mbuzi chini. "Kesho utasema, Baba Njeri. Usiposema nitakuja huko Thika mwenyewe, na mimi sitasema vizuri kama wewe."

Kesho yake nilimwomba Prof aje chumba cha mizani, na Nekesa awepo. Niliweka daftari mezani limefunguliwa, nikaweka kadi ya kliniki kando yake. Nikasema nina sukari, nikasema tangu mwezi wa tatu nakatia dawa yangu hapa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi lakini yakaisha hapo.

Prof alisoma kadi, akasoma daftari, akarudi kwenye kadi.

"Ulikatia metformini humu ndani?"

"Ndiyo."

"Kwa mizani gani? Hii?"

"Hii."

"Hata kupima ulipima?"

"Nilitaka zilingane."

Nadhani Prof alitaka kucheka na akaona haiwezekani. Nekesa hakuwa na dalili ya kucheka. Alikuwa anatazama zile tarehe.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Ile Ijumaa. Ile siku uliniambia imekuwa safi."

Akahesabu kwa vidole, mbele yangu, bila haraka. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Alichukua chupa yake ya maji na kitambaa chake, akatoka. Hakupiga mlango. Ningependa angeupiga.

Barua yake ilifutwa na mkataba ukaendelea. Barua iliyofuata iliandikwa kwa jina langu, na nilistahili. Sikupelekwa stoo. Prof aliniambia, kwa sauti yake ile ile ya chini, kwamba ningemwambia mwezi wa tatu angenipa kabati la dawa kwenye chumba cha chai na mambo yangeishia hapo. Badala yake mlango wa chumba cha mizani ukabandikwa karatasi kwamba anayetumia metformini haingii. Fungu la tatu akapewa Nekesa. Mimi niliwekwa nje ya dirisha la kioo kumsomea hatua, moja baada ya nyingine, kazi niliyoifanya kwa mikono yangu miaka ishirini. Jambo hilo lilinikera na bado linanikera, na sina mtu wa kumlalamikia.

Leo ninapoandika sukari yangu imetulia. Natembea hadi nitokwe jasho kidogo, nakula ugali mdogo na sukuma nyingi, na dawa yangu sasa ni kidonge kizima asubuhi na kizima jioni, hakikatwi. Vidole vya miguu vinachoma wakati wa baridi tu. Mama Njeri alisimama kwenye ushirika wao akasema, na wanawake wanne wakasema na wao, pale pale, kwamba nyumbani kwao iko. Walikuwa wamekaa pamoja miaka yote hiyo. Utafiti ulianza, na Mama Kevo mwenyewe akanieleza kwenye benchi kwamba damu yake ilikutwa na dawa kama inavyotakiwa, wakambadilishia matibabu na kuacha kumwita mwongo. Nilimwambia ni nani alikuwa yule mama mchafu wa Thika. Alininyima njugu siku hiyo na kliniki iliyofuata. Ya tatu akanipa.

Kwa hiyo wewe uliye na karatasi mkononi, sikuambii utangaze sokoni. Mwambie mtu mmoja pale unapofanya kazi. Chagua mmoja. Sukari utaimudu, ina dawa na ina kliniki. Lakini ukiificha lazima kuna mtu atakayebeba mzigo usio wake, na hutamwona hadi mgongo wake uvunjike.

Asubuhi ya fungu la tatu mvua fupi ilikuwa imeanza, na paa la mabati la karakana iliyo karibu lilikuwa linapiga kelele. Nekesa alikuwa hajaniambia neno zaidi ya habari na kwaheri kwa wiki nyingi. Alivaa koti, akavaa glavu, akafika mlangoni pa chumba cha mizani na kusimama.

"Mama yangu ako na sukari," alisema, bila kunitazama. "Miaka kumi na moja. Mimi ndio humkatia dawa nikienda nyumbani. Ungeniambia, Kariuki, ningekukatia."

Nikasema pole, neno ambalo lilikuwa dogo mno na nilikuwa nimeshalisema mara nyingi.

"Hiyo ya ugonjwa nilishakusamehea siku ile ile," akasema. "Hizo wiki tatu ndio bado."

Akashika kitasa.

"Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

"Na umekula?"

"Nimekula."

"Basi kaa hapo hapo nje," Nekesa akasema, akaingia na kufunga mlango. Nikafungua daftari, nikaanza kumsomea.